Maneno Madogo ya Kitaliano Yalivyotutoa Machozi



Wasomaji wapenzi, leo nataka kuzungumza nanyi habari za lugha ya Kitaliano. Najua wako watakaosema, "Sisi ni wakulima wa kijijini, Kitaliano chatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Hesabuni katika parokia yenu. Je, hakuna jamaa yenye binti mtawa aliyepelekwa Italia kusoma? Hakuna kijana wa seminari aliyekwenda Roma? Hakuna mzee aliyepata barua ya mfadhili, akaiweka chini ya mto kwa kuwa hakuna wa kumsomea? Basi, habari hii ni yenu pia.

Sisi wa upande wa Iringa tumeisikia lugha hii tangu zamani. Shirika la Wamisionari wa Konsolata lilianzishwa mjini Torino, kaskazini mwa Italia, mwaka 1901, na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Wamisionari wake wa kwanza walifika Kenya mwaka 1902, na mwaka 1919 wakafika kwetu Iringa. Babu zetu walifyatua matofali pamoja nao, na baba zetu walifundishwa useremala nao. Kwa hiyo kijana wa misheni aliyejua maneno mawili matatu ya Kitaliano hakuwa ajabu. Mmoja wao nilikuwa mimi, na kiburi changu kilitugharimu sana nyumbani. Nitawaambia jinsi ilivyokuwa, ili ninyi msianguke mahali nilipoanguka mimi.

BARUA KUTOKA TORINO

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika karakana ya useremala ya misheni, chini ya Bruda mmoja Mtaliano. Bruda alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa majina ya vyombo. "Martello" ni nyundo. "Chiodo" ni msumari. "Sega" ni msumeno. "Piano, piano" ni polepole. Baada ya miaka miwili nilijua majina ya vitu karibu mia moja, na pale kijijini watu wakaanza kusema, "Kijana huyu anakijua Kitaliano." Nami sikuwakatalia. Nilipita barabarani nimenyoosha shingo kama jogoo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameingia utawani, na wakubwa wake wakampeleka Torino kujifunza uuguzi. Mwezi wa Januari mwaka 1984, siku ya Jumatano, wakati tunapalilia mahindi, katekista akatuletea barua yenye stempu ya Italia. Haikuwa na mwandiko wa mdogo wangu. Ilikuwa imeandikwa na Mama Mkuu wa nyumba aliyokaa, kwa Kitaliano, maana alijua kuwa kwenye misheni yetu yupo Padre Mtaliano wa kumsomea baba. Lakini Padre alikuwa amekwenda kuzungukia vigango, na angerudi Jumamosi jioni. Bruda alikuwa likizoni kwao. Masista wetu walikuwa wazalendo, na Kitaliano hawakukijua.

Mama akaniangalia, akasema, "Mwanangu, si wewe unajua? Tusomee."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, "Mama, sijui, tumngoje Padre." Lakini majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika uani, nami nikaona haya. Nikaifungua barua. Baada ya salamu iliandikwa hivi:

"Gentile Signore, Le scrivo per darLe notizie di Sua figlia. La poverina è stata operata di appendicite. Lei non deve preoccuparsi: non è niente di grave. Non ha più febbre. Per ora non mangia che minestrina."

Sasa sikilizeni nilivyotafsiri. Neno "operata" nililifahamu, ni kupasuliwa. "Poverina" niliona limetoka katika "povero", yaani maskini, nikasema, "Amekuwa fukara." Penye "Lei non deve preoccuparsi" nilijua kuwa "lei" ni yeye mwanamke, nikasema, "Yeye haruhusiwi kuwa na wasiwasi." Baba akashika kichwa, akasema, "Mgonjwa anayekatazwa wasiwasi, huyo ni mgonjwa wa moyo." Nikaendelea: "Non è niente di grave." Nilijua "non" ni kukanusha, na "niente" ni "si kitu". Nikafikiri makanusho mawili yanauana, nikasema, "Si kwamba si kitu. Ni ugonjwa mzito." Kisha nikaona "più febbre", nilijua "più" ni zaidi, nikasema, "Homa imezidi." Mwisho nikaona "non mangia", nikasema, "Hali chakula, hata kisupu anakikataa."

Mama akakaa chini palepale, akalia. Usiku ule tulisali Rozari na majirani, na usiku wa pili pia, na wa tatu. Mama hakuonja kitu. Alhamisi asubuhi baba alimtoa ng'ombe wetu mwenye mimba, yule tuliyemtegemea kwa maziwa ya watoto, akamwuza kwa mchuuzi kwa bei ya hasara, maana mwenye haraka hana nguvu ya kupatana. Alisema mtoto wake hawezi kufia ugenini bila hata senti moja ya kwao.

Jumamosi jioni Padre akarudi. Tulimkuta bado ana vumbi la safari. Akaisoma barua mara moja, akaanza kucheka kwa furaha. Lakini alipoyaona macho ya mama, kicheko kikakoma. Akaisoma tena polepole kwa Kiswahili: "Mheshimiwa Bwana, nakuandikia kukupa habari za binti yako. Maskini, mtoto wa watu, amepasuliwa kidole tumbo. Wewe usiwe na wasiwasi: si jambo zito. Hana homa tena. Kwa sasa hali ila supu nyepesi."

Mama akapiga magoti. Baba hakusema neno. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Barua nzima ilikuwa ya kututuliza, nami nilikuwa nimeigeuza matanga. Ng'ombe hakurudi; mchuuzi alikuwa amekwisha kumfikisha mnadani. Wadogo zangu walikunywa uji bila maziwa miaka miwili, hata tulipopata ng'ombe mwingine.

Padre hakunigombeza. Aliniambia, "Kijana wangu, wewe una mbao nyingi, lakini huna misumari. Maneno makubwa unayajua; maneno madogo ndiyo yanayoyashika." Tangu juma lile akawa ananifundisha kila Alhamisi, barazani, baada ya sala za jioni. Haya nitakayowaeleza ndiyo niliyojifunza pale, nikayaongeza baadaye kwa kusoma vitabu.

"LEI": NI YEYE AU NI WEWE?

Tuanze na maneno yanayosimama badala ya watu. Kwa Kitaliano, "io" ni mimi, "tu" ni wewe, "lui" ni yeye mwanamume, "lei" ni yeye mwanamke, "noi" ni sisi, "voi" ni ninyi, "loro" ni wao. Hayo ni mepesi. Lakini Wataliano, kama sisi, mara nyingi huyaacha, kwa sababu kitendo chenyewe chaonyesha nani anayetenda. Sisi twasema "nasema", bila haja ya kuongeza "mimi". Wao husema "parlo". Tofauti ni kwamba sisi tunamweka mtendaji kichwani mwa kitendo, wao wanamweka mkiani: "parlo" nasema, "parli" wasema, "parla" anasema, "parliamo" twasema, "parlate" mwasema, "parlano" wanasema. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisoma Kitaliano uangalie mkia wa neno. Ukiukosa mkia hutajua nani ametenda.

Sasa ndipo panapokuja fumbo. Mtaliano akisema na rafiki, na mtoto, na ndugu yake, husema "tu". Lakini akisema na mtu wa heshima, au asiyemjua, hasemi "tu". Husema "Lei", na kitendo hukiweka kana kwamba anamsema mtu wa tatu. "Come sta?" maana yake yaweza kuwa "Yeye hajambo?" na pia "Wewe, mheshimiwa, hujambo?" Na neno hilo hilo hutumika hata kwa mwanamume, hata kwa askofu mwenye ndevu! Ndiyo maana Mama Mkuu alimwita baba yangu "Lei", nami nikafikiri anamsema binti.

Kwa nini iwe hivyo? Zamani, mtu mkubwa wa Italia hakuambiwa "wewe". Aliambiwa "Vostra Signoria", yaani kama kusema "Ubwana wako". Neno "signoria" kwa Kitaliano ni la jinsia ya kike, basi neno la kusimama badala yake likawa la kike pia, na hata leo limebaki. Serikali ya Mussolini ilijaribu mwaka 1938 kulipiga marufuku, ikawaamuru watu waseme "voi". Serikali ile ikaanguka, na watu wakabaki na "Lei" yao. Huko kusini mwa Italia, lakini, bado utasikia wengine wakimwambia mzee "voi", yaani ninyi. Hilo kwetu si geni. Katika baadhi ya lugha za makabila yetu pia mzee huambiwa "ninyi" ingawa yuko peke yake, na mtoto anayemwambia babu yake "wewe" huonekana hana adabu.

Utajuaje basi kama ni yeye au ni wewe? Kwanza, angalia barua imeandikwa kwa nani. Pili, waandishi wengi wenye adabu huweka herufi kubwa: "Lei", "Le", "La", "Sua". Katika barua yetu neno "Lei" lilikuwa mwanzo wa sentensi, ambapo kila neno lina herufi kubwa, kwa hiyo halikunisaidia. Lakini penye "Le scrivo per darLe notizie di Sua figlia", ile "Le" iliyo katikati ya neno "darLe" ilikuwa na herufi kubwa, na "Sua" pia. Hizo zilikuwa zikinipungia mkono. "Le" ni "kwako" kwa heshima, na "Sua figlia" ni "binti yako" kwa heshima. Mimi nilisoma "binti yake", nikajiuliza moyoni, "Binti yake nani?" Nisingelipuuza swali lile, ningalisimama. Ukisoma, na moyo ukakuuliza swali, usimame.

Liko jambo moja lililonigusa sana katika somo hili. Nilimwuliza Padre, "Je, katika sala, Mungu huambiwa Lei?" Akajibu, "Hapana. Mungu twamwambia 'tu', kama mtoto anavyomwambia baba yake." Mwenye duka huambiwa "Lei", na Mwenyezi Mungu huambiwa "tu". Tangu siku ile nasali kwa moyo mwepesi zaidi.

Tena yako maneno mafupi ya yule anayetendewa: "mi" ni mimi, "ti" ni wewe, "lo" ni yeye mwanamume au kitu, "la" ni yeye mwanamke, "ci" ni sisi, "vi" ni ninyi, "li" na "le" ni wao. Haya husimama mbele ya kitendo: "lo vedo", namwona, "ti vedo", nakuona. Mara nyingine hunata nyuma: "aspettami", nisubiri. Mswahili asiogope. Sisi twayatia tumboni mwa kitendo, na Mtaliano huyaweka mlangoni. Angalieni "non lo vedo" na "simwoni". "Non" ni si-, "lo" ni -mw-, "vedo" ni -oni. Mpango ni uleule mmoja! Mzungu wa mahali pengine huona taabu hapo. Mswahili yuko nyumbani.

MIKIA YA MAJINA

Sasa tuje kwenye mikia ya majina. Kwa desturi jina linaloishia na "o" ni la kiume, na la "a" ni la kike. "Ragazzo" ni mvulana, "ragazza" ni msichana. Wakiwa wengi, "o" hugeuka "i", na "a" hugeuka "e": "ragazzi", "ragazze". Sisi twabadili kichwa cha neno, mtoto, watoto. Wao wabadili mkia. Yako majina yanayoishia na "e", nayo huwezi kuyajua jinsia yake kwa kuyatazama: "padre" ni la kiume, "madre" ni la kike. Hayo ni ya kukariri.

Lakini Mtaliano ana mikia mingine ya kuonyesha ukubwa, udogo, mapenzi na dharau. Sisi twasema nyumba, kijumba, jumba. Yeye husema "casa", nyumba. "Casetta", nyumba ndogo ya kupendeza. "Casona", nyumba kubwa. "Casaccia", nyumba mbaya. Padre alinipa mfano wa "parola", yaani neno. "Parolina" ni neno dogo la upole. "Parolona" ni neno kubwa la mtu wa kujivuna. "Parolaccia" ni neno chafu, tusi. Kisha akanitazama, akasema, "Wewe ulitafuta parolona, ukaziacha paroline." Nikainamisha kichwa.

Shikeni basi: "-ino", "-etto" na "-ello" ni udogo, na mara nyingi wenye upendo, "-uccio" ni udogo wa huruma au mapenzi, "-one" ni ukubwa, "-accio" ni ubaya. Mtakatifu Fransisko wa Assisi Wataliano humwita "il Poverello". Halina maana ya fukara wa kudharauliwa. Ni maskini mdogo, mpendwa wa watu. Na kile kitabu cha zamani cha habari zake huitwa "Fioretti", yaani vijiua, kutoka katika "fiore", ua. Hata tambi zile ndefu, "spaghetti", jina lake limetoka katika "spago", kamba nyembamba. Basi ni vikamba tu.

Hapa Mswahili ajihadhari. Ki- yetu mara nyingi ina dharau. Ukimwita mzee wa watu "kizee", au mtu "kijitu", umemtukana. Lakini "-ino" ya Mtaliano mara nyingi humkumbatia mtu. Ndiyo maana "poverina" huwezi kuitafsiri kwa ki-. Padre, aliyekaa kwetu miaka mingi, alipata neno lake mara moja: "Maskini, mtoto wa watu!" Hivyo ndivyo mama zetu husema wakimwonea mtu huruma, wala hapana habari ya fedha. Mama Mkuu alikuwa akimhurumia mdogo wangu kama mama, nami nikatangaza kijijini kuwa amefilisika.

Tena si kila mkia ni mkia. "Matto" ni mwendawazimu, lakini "mattone" si mwendawazimu mkubwa, ni tofali. Na "mattino" si mwendawazimu mdogo, ni asubuhi. "Botte" ni pipa, lakini "bottone" ni kifungo cha shati. "Tacco" ni kisigino cha kiatu, lakini "tacchino" ni bata mzinga. Ukikutana na neno la namna hiyo, uliza kwanza, usilipasue kwa shoka.

KUKANUSHA

Nimefika penye kosa kubwa kupita yote, lile lililomwuza ng'ombe wetu.

Kukanusha kwa Kitaliano ni kuweka "non" mbele ya kitendo. "Parlo", nasema, "non parlo", sisemi. "No" peke yake ni jibu, kama "la" au "hapana". "Non" haiwezi kusimama peke yake, hutaka kitendo. Mpaka hapo hapana taabu.

Taabu huanza "non" inapopata mwenzake. Kwetu makanusho mawili huuana. Ukisema "hakuna asiyejua", maana yake wote wanajua. Kwa Mtaliano sivyo. Makanusho yake mawili hushikana mikono na kusema jambo moja. "Non è venuto nessuno": "non" ni kukanusha, "nessuno" ni "hapana mtu", na maana yake ni "hakuja mtu". Si "wamekuja wote". "Non ho niente" ni "sina kitu". Na "non è niente di grave" ni "si jambo zito". Mimi niliyauanisha, nikamfanya mgonjwa wa kidole tumbo kuwa mgonjwa wa kufa.

Lakini angalieni: neno "nessuno" likitangulia mbele ya kitendo, "non" huondoka. "Nessuno è venuto", hakuna aliyekuja. Likiwa mbele linatosha lenyewe. Likiwa nyuma huhitaji "non" imtangulie.

Wako na wenzi wengine wa "non", nao ni hawa:

"Non ... mai" ni kamwe. "Non mente mai", hasemi uongo kamwe.

"Non ... ancora" ni bado. "Non è ancora arrivato", hajafika bado.

"Non ... più" ni "tena". "Non piange più", halii tena. Hapa wengi huanguka. "Più" ikiwa peke yake ni zaidi, lakini ikiwa na "non" maana yake ni kwamba jambo lililokuwapo limekwisha. "Non ha più febbre": homa ilikuwapo, sasa imekwenda zake. Mimi niliiruka "non", nikairudisha homa kwa mgonjwa aliyepona.

"Non ... che" ni "ila" au "isipokuwa". "Non beve che acqua", hanywi ila maji. "Non mangia che minestrina", hali ila supu nyepesi, yaani anakula, lakini supu tu. Na hapa aibu yangu ni mara mbili, kwa sababu Kiswahili chasema vilevile! Kila siku nilikuwa nikimsikia mama akisema, "Mtoto huyu hali ila uji," na sikufikiri hata mara moja kuwa mtoto yule anakufa njaa. Kama ningaliitega sikio lugha yangu mwenyewe, Kitaliano kingalifunguka. Basi, ninyi mnaotaka kujifunza lugha ya watu, msiitupe yenu. Mara nyingi ufunguo uko nyumbani.

SHAURI KWA WANAOJIFUNZA

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda Italia kwa masomo au utawa, nawapa shauri la mtu aliyekwisha kuungua. Mkisoma sentensi ya Kitaliano, msikimbilie maneno makubwa. Ulizeni maswali matatu. La kwanza: nani anayetenda, na je, ni "yeye" au ni "wewe" wa heshima? La pili: jina hili lina mkia gani, na mkia huo waonyesha ukubwa, udogo, upendo au dharau? La tatu: je, ipo "non", na kama ipo, mwenzake ni nani? Fuateni mwenzake mpaka mwisho wa sentensi, maana huenda amejificha mbali. Mkijibu hayo matatu, hata kama maneno makubwa mawili hamyajui, hamtageuza uzima kuwa kifo.

Na mkiwa Italia, mtu mzima msiyemjua mwambieni "Lei", mpaka yeye mwenyewe aseme, "Diamoci del tu," yaani "tuambiane 'tu'". Ni mlango wa urafiki. Asiufungue mgeni, aungoje ufunguliwe.

Mdogo wangu alipona, akamaliza uuguzi, akarudi nchini, akahudumia wagonjwa miaka mingi. Mpaka leo tukikutana huniambia, "Kaka, non mangio che ugali," na tunacheka. Lakini mimi hucheka nusu. Nakumbuka uso wa mama akiwa ameketi uani, na barua ile mkononi mwangu.

Mama alilala katika Bwana mwaka 2003. Hakuwahi kunilaumu kwa habari ya ng'ombe. Jioni ile ya Jumamosi, tulipotoka kwa Padre, tulitembea kimya mpaka karibu na mto. Hapo akasema, "Mwanangu, kujua kidogo si vibaya. Siku nyingine useme tu hujui." Hakuongeza neno.

Kwa hiyo nawapa maneno mawili ya kuanzia, kabla ya "martello" na "chiodo". La kwanza ni "non lo so". Ndani yake mna "non" ya kukanusha, na "lo" ndogo inayosimama badala ya jambo lenyewe, na maana yake ni "sijui". La pili ni jibu la mtu akikuuliza kwa heshima, "Parla italiano?" Usiseme "sì" kama nilivyosema mimi. Sema, "Un pochino," kutoka "poco", kidogo, na mkia wa "-ino". Yaani kidogo tu, kidogo sana.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu, walio karibu na walio mbali.

Ndimi ndugu yenu katika Kristo.